Farasi wa chuma kwenye tezi: historia ya kipande kimoja cha mashua ya Ziwa Nyasa

Jumamosi moja ya mwezi wa saba nilikuwa ndani ya mashua kuukuu ya matanga kwenye Ziwa Nyasa, upande wa Matema, wilayani Kyela. Tulikuwa watu saba. Akina mama wanne walikuwa wanarudi kwao Ikombe, kijiji cha Wakisi wafinyanzi, baada ya kuuza vyungu kwenye soko la Jumamosi pale Lyulilo. Vyungu vilikuwa vimeisha, na mahali pake palikaa mchele, sabuni na ndoo mbili za mafuta ya kupikia. Mzee mwenye mashua alishika usukani, mjukuu wake alishika kamba, na mimi nilishika roho yangu mkononi. Mimi ni mtoto wa Iringa. Maji mengi niliyoyazoea ni ya Ruaha Mdogo, tena nikiwa juu ya daraja.

Ukitoka Lyulilo kwenda Ikombe mchana wa kipupwe unaelekea kule kule upepo unakotoka. Upepo huo ni mwera, unaovuma toka kusini, na una zaidi ya kilomita 550 za ziwa wazi za kujitafutia nguvu kabla ya kukufikia wewe pale kwenye kona ya kaskazini. Mashua ya tanga haiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Inakata pembe, kulia kidogo, kushoto kidogo, kile ambacho mabaharia wa pwani wanakiita kubisha. Kila unapobadili pembe, tanga linahamia upande wa pili.

Mara ya kwanza tulibadili salama. Mara ya pili tanga likahama, lakini kitu fulani kule nyuma kikalia "kraa" na kubaki pale pale. Papo hapo mashua ikalala ubavu. Maji yakaanza kumwagika ndani. Mzee akamkaripia mjukuu: "Achia! Achia yote!" Kijana akaiachia kamba, tanga likapigapiga kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, na mashua ikainuka taratibu ikiwa na maji hadi kwenye vifundo vya miguu yetu. Hakuna aliyezungumza. Halafu mama mmoja akatazama gunia lake la mchele lililolowa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, hiki kitu si ulisema umekitengeneza?"

Makala hii inahusu hicho kitu.

Kazi ya kile kitu

Mashua ile si ya kienyeji. Ni ya faiba, ya kizungu, na mzee anasema ilikuja ziwani miaka ya 1970 na wageni walioiacha walipoondoka. Tanga lake la pembetatu limeshikwa na mlingoti kwa mbele, na kwa chini limefungwa kwenye boriti inayozunguka kama mlango kwenye bawaba. Kutoka kwenye boriti hiyo inashuka kamba hadi sitahani. Pwani kamba ya kuongozea tanga inaitwa demani, na nitatumia jina hilo hapa kwa sababu ni letu na linatosha.

Sasa, demani inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo penye fizikia tamu. Kazi ya kwanza ni kuamua tanga litafunguka kiasi gani kwenda pembeni. Ya pili ni kuivuta boriti chini ili kitambaa kikazike na kisijisokote kule juu. Ukiwa na kamba moja iliyofungwa sehemu moja katikati ya sitaha, kazi hizi mbili zinagombana. Ukilegeza ili tanga lifunguke, boriti nayo inapanda, tanga linajikunja vibaya, mashua inapoteza mwendo. Ukikaza ili tanga liwe bapa, unalivuta pia kuja katikati, na mashua inalala.

Dawa yake ni kuifanya ncha ya chini ya demani iweze kutembea. Unaweka reli inayokatiza sitaha toka ubavu mmoja hadi mwingine, na juu yake unaweka kitoroli chenye magurudumu. Demani inafungwa kwenye kitoroli. Kitoroli kinaamua pembe, kamba inaamua mkazo, na kila mmoja anaacha kazi ya mwenzake. Upepo ukija kwa kishindo unaachia kitoroli kiteleze upande ambao upepo unaelekea, mashua inapumua, na tanga linabaki bapa.

Kikikwama je? Kabla hatujabadili pembe, kitoroli chetu kilikuwa kimeteremka upande wa demani, yaani upande ambao upepo unaelekea. Tulipogeuka, upande huo huo ukawa ndio wa joshi, upande upepo unakotoka. Kitoroli kilipaswa kuvuka kwenda ng'ambo. Hakikuvuka. Kwa hiyo boriti ikawa imevutwa na kushikiliwa upande usio wake, na tanga lote likaupokea upepo bila pa kuupeleka.

Hesabu yake ni nyepesi. Shinikizo la upepo linakua kwa mraba wa mwendo wake. Chukua tanga la mita za mraba 12. Upepo wa mita 8 kwa sekunde unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45, chini ya nusu gunia la mahindi. Upepo ukiongezeka mara mbili tu, mita 16 kwa sekunde, nguvu inakuwa mara nne: kilo 180, karibu magunia mawili, yote yakisukuma kwa ubavu na juu ya vichwa vyenu. (Ziwa liko mita 470 hivi juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa yake ni nyepesi kidogo kuliko ya Dar, kama asilimia 5. Nafuu hiyo usiitegemee.)

Ziwa la vipande

Niliporudi nchi kavu nilikuwa na swali la kimhandisi: tunatoa wapi kitoroli kipya? Lakini mimi nikianza kutafuta kitu huwa naishia kwenye historia, na historia ya ziwa hili imejaa swali hilo hilo. Hakuna njia ya maji ya kuingiza meli Ziwa Nyasa kutoka baharini. Mto Shire unatoka ziwani kwenda Zambezi, ila katikati yake kuna maporomoko yasiyopitika. Kwa hiyo chombo chochote kilichotoka ng'ambo kiliingia hapa kikiwa vipande, na kikiharibika, kipande kilichofuata kilipitia mateso yale yale.

Waliolitatua tatizo hili mapema ni watu wa pwani, kwa kutoleta chombo kabisa. Walileta ufundi. Katika karne ya 19, Jumbe wa Nkhotakota, mfanyabiashara aliyetoka pwani na kujijengea himaya upande wa magharibi wa ziwa, alikuwa na majahazi yaliyovusha watu na meno ya tembo kuja upande wetu, safari iliyoendelea kwa miguu hadi Kilwa. David Livingstone alipopita mwaka 1861 alilikuta jahazi likivusha watumwa. Sisemi hili kwa fahari. Ni biashara chafu, na tanga lilelile ninalolisifia kwa werevu wake ndilo lililokuwa injini yake. Lakini kama historia ya teknolojia ni lazima tuseme ukweli: tanga la Kiswahili lilikuwa ziwani kabla ya boti ya mvuke.

Na tanga la jahazi halina kitoroli. Halihitaji. Halina boriti ya chini. Linaning'inia kwenye foromali iliyoinama, na kona yake ya nyuma iko huru, imeshikwa na demani peke yake. Baharia akitaka kubadili pembe ya mvuto anaichukua demani na kuifunga mahali pengine: mbele zaidi, nyuma zaidi, ubavu huu au ule. Reli yake ni mashua nzima. Gharama inalipwa kwingine, maana kugeuza jahazi ni kuihamisha foromali nzima upande wa pili wa mlingoti, kazi ya watu wengi na ya hatari. Lakini hakuna gurudumu la kukwama, na kila kilichomo kinaweza kutengenezwa na fundi mwenye tezo na mti mzuri.

Neno lenyewe demani lina safari yake. Linafanana na neno la Kiajemi lenye maana ya pindo la vazi, na mabaharia wa Bahari ya Hindi toka Ghuba hadi India wamelitumia kwa kamba hiyo hiyo. Fikiria mtu anashika pindo la kanzu inayopeperushwa. Ndiyo hasa.

Mwaka 1875 ikaja Ilala, boti ya mvuke ya misheni ya Waskoti, iliyoundwa London kwa vipande, ikabebwa na mamia ya wapagazi kuzunguka maporomoko ya Shire, ikaunganishwa upya na kuingia ziwani mwezi Oktoba. Mwaka 1893 Wajerumani nao wakaingiza Hermann von Wissmann, kwa njia hiyo hiyo ya Zambezi na Shire. Halafu kuna hii inayonisisimua kuliko zote: Chauncy Maples, meli ya misheni ya UMCA iliyotengenezwa Glasgow na kusafirishwa ikiwa vifurushi 3,481. Soma tena namba hiyo. Tangi lake la kuchemshia maji lilikuwa na tani 11 na halikugawanyika, kwa hiyo likavutwa ardhini na Wangoni 450 kwa maili 64, zaidi ya kilomita 100, kwa mwendo wa takriban maili 3 kwa siku. Meli ikaingia majini mwaka 1901.

Jina la meli hiyo lina uzito wa pekee kwa mtu aliyetoka kulowa maji ya Ikombe. Chauncy Maples alikuwa askofu. Mwaka 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu Uingereza, alikuwa anarudi Likoma kwa mashua ya matanga iliyoitwa Sheriff. Usiku wa tarehe 2 Septemba, katika upepo mkali, mashua ikapotea. Maples na mwenzake Joseph Williams wakazama. Mabaharia Waafrika waliokuwa nao wakaogelea na kunusurika. Septemba, usiku, mwera, tanga. Nilipolisoma hilo niliacha kufikiri kwamba tatizo la mzee ni tatizo dogo la gurudumu.

Na kama unataka kujua kipande kidogo kina nguvu gani kwenye ziwa lisilo na duka la vipuri, tazama Agosti 1914. Vita ilipotangazwa, meli ya Waingereza iliyoitwa Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, ilivuka hadi Sphinxhafen, yaani Liuli ya leo mkoani Ruvuma. Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu ikifanyiwa matengenezo, na Wajerumani waliokuwa pale hata hawakujua kwamba kuna vita. Waingereza hawakuizamisha. Walimkamata nahodha wake, wakang'oa sehemu muhimu za mtambo na kuondoka nazo. Basi. Chuma chote kile kikabaki kimekaa ufukweni bila kazi. Baada ya vita meli hiyo ilifufuliwa, Waingereza wakaiita King George V.

Farasi, roda na golori

Turudi kwenye reli. Wazo la kuitembeza demani ni la zamani kuliko magurudumu. Mashua za mizigo za Mto Thames zilikuwa na gogo nene lililokatiza sitaha, na pete ya chuma yenye kushika demani iliteleza juu yake kwenda na kurudi kila mashua ilipogeuka. Kwenye mashua ndogo gogo likawa fito ya chuma iliyopindwa, imeinuliwa kidogo juu ya sitaha pale tezini. Waingereza waliita kitu hicho "farasi". Sijui kama ni kwa sababu kamba inakaa juu yake, ila jina nimelipenda na nimeliiba.

Farasi ni mjinga kwa njia nzuri. Hana gurudumu, hana kamba ya kumwongoza. Upepo wenyewe unaisukuma pete kwenda upande unaotakiwa. Usichoweza ni kuisimamisha pete katikati au kuivuta upande wa joshi upepo ukiwa mwembamba. Kwa mvuvi au mpagazi wa majini hiyo si hasara kubwa. Kwa mtu anayeshindana kwenye mbio za mashua, ni hasara, na mbio za mashua ndizo zilizozaa reli: kwanza vyuma vyenye umbo la herufi T na kigari kinachoteleza na kuzuiliwa kwa pini, kisha magurudumu, kisha golori.

Hapa lazima niseme neno kuhusu roda, kifaa tunachosoma sekondari kama mashine rahisi, na ambacho mabaharia wa pwani wanakiita gofia. Kitoroli ni ndugu wa roda, aliyelazwa kwenye reli. Manowari moja kubwa ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 19 ilihitaji roda karibu 1,000, zote za mbao, zote za kuchongwa kwa mkono. Ndipo Marc Isambard Brunel, mhandisi Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao, akabuni mashine za kutengeneza roda tu, na Henry Maudslay akaziunda. Zikafungwa kwenye bandari ya Portsmouth. Kufikia 1808 mtambo ulikuwa unatoa roda 130,000 kwa mwaka, na watu 10 wasio na ujuzi walifanya kazi ya mafundi 110. Vitabu vingi vinaitaja kama moja ya sehemu za kwanza duniani ambapo mashine za chuma zilitengeneza kitu kile kile kwa wingi. Kwa hiyo ukiwaza mapinduzi ya viwanda usiwaze nguo na makaa peke yake. Waza pia kagurudumu ka kupitishia kamba.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Wisconsin nchini Marekani, Peter Harken na nduguye Olaf wakaanza kuuza roda zenye golori za plastiki badala ya chuma. Nyepesi, hazishiki kutu, hazihitaji grisi. Mtindo huo ukahamia kwenye vitoroli, na kitoroli chenye golori kinateleza hata chini ya mzigo mzito. Uzuri wake hauna ubishi. Ila umekuja na sharti: reli na kitoroli ni mke na mume. Kitoroli cha kampuni hii hakiingii kwenye reli ya kampuni ile, na cha leo hakiingii kwenye reli ya 1975. Golori zikidondoka majini hazitengenezwi na tezo.

Tulichokifungua

Wiki mbili baadaye tulilifungua lile reli ufukweni. Nasema "tulilifungua", kumbe tulilipasua. Misumari ya parafujo ilikuwa ya stenlesi na reli ya alumini, na hapo kemia ilikuwa imefanya kazi yake kimya kimya kwa miaka. Metali mbili tofauti zikigusana kwenye unyevu zinakuwa betri ndogo, na alumini ndiyo inayoliwa. Maji ya Nyasa hayana chumvi, kwa hiyo kasi ni ndogo kuliko Zanzibar, lakini miongo mitano ni mingi. Kila tundu la parafujo lilikuwa na unga mweupe kandokando, na reli ilikuwa imevimba kiasi kwamba gurudumu lilibanwa. Hicho ndicho kilicholia "kraa".

Chini ya reli hali ilikuwa mbaya zaidi. Sitaha ya faiba ina ubao katikati, kama mkate uliowekwa nyama ndani. Maji yalikuwa yamepenya kwenye matundu, na ubao umekuwa sponji. Mzee alichomeka bisibisi ikazama yote. Akanitazama. "Mwanangu, kumbe tulikuwa tumefungwa kwenye ugali."

Nilitafuta bei ya reli na kitoroli vipya vya kuagiza. Pamoja na usafiri, vilizidi bei ambayo mzee angeuzia mashua nzima. Nikazunguka Mwanjelwa pale Mbeya, nikionyesha picha kwenye simu. Fundi mmoja wa mageti akanipa wazo ambalo kwa dakika kumi nilidhani ni la kipaji: reli na magurudumu ya geti la kusukuma. Yana beringi, yanabeba geti la kilo mia mbili, bei nafuu. Halafu nikachora mishale ya nguvu kwenye karatasi na wazo likafa. Geti linakandamiza gurudumu chini kwenye reli. Demani inalivuta gurudumu juu. Upepo wa kwanza ungeling'oa kama kizibo cha soda. Fundi hakukata tamaa, akaleta reli ya mlango wa kuning'inia, ile yenye mdomo unaolishika gurudumu ndani. Ukiigeuza juu chini, mdomo unazuia gurudumu lisitoke. Kimahesabu inakubali! Ila chuma chake ni cha kushika kutu, na ikigeuzwa inakuwa mfereji wa kukusanyia maji na mchanga. Tungerudi kwenye "kraa" baada ya masika mawili.

Nilikuwa nimeshaisoma habari ya farasi wakati huo, lakini kiukweli sikuwa nimeunganisha. Mzee ndiye aliyeunganisha. Nilikuwa namweleza kwamba kitoroli kinatakiwa kihame chenyewe upepo ukibadilika, naye akauliza, "Lazima kiwe na magurudumu? Pete kwenye fimbo haitoshi?"

Nikanyamaza kidogo.

Nikarudi Iringa. Kule Ipogolo kuna mafundi wanaopinda stenlesi kwa ajili ya vizuizi vya ngazi za maghorofa, na mwingine mwenye kerezo. Wa kwanza alinipindia fito imara isiyo na tundu ndani, unene milimita 20, urefu kama sentimita 90, imeinuka kidogo katikati, na miguu miwili iliyochomelewa vibao vya chuma. Wa pili alinikerezea kiroda cha nailoni cha kutembea juu ya fito ili pete isiitafune. Alipouliza ni cha nini nikamwambia cha mashua, akacheka: "Mashua, Iringa?" Nikamkumbusha kwamba kabla ya mkoa wa Njombe kuanzishwa mwaka 2012 mkoa wetu ulifika ziwani kupitia Ludewa, na kwamba kulikuwa na meli kule iitwayo MV Iringa. Akanipunguzia bei, sijui kwa uzalendo au kwa kuchoka kunisikiliza.

Basi la Mbeya lilinitoza farasi nauli ya nusu abiria. Konda alisisitiza kwamba chuma kile kinachukua nafasi ya mtoto. Coaster ya kwenda Kyela ilimlaza chini ya viti, na kutoka Kyela tulikwenda kwa bodaboda nimemkumbatia. Sikuwa na wapagazi 450, lakini niliwafikiria.

Kumfunga kulichukua siku mbili, na nyingi ya muda huo haukuwa wa farasi. Tulikwangua ubao uliooza, tukaweka kipande cha mninga mahali pake, tukakizungushia gundi ya epoksi mpaka kila tundu likazibwa. Chini ya sitaha tukaweka bamba pana, kwa sababu bolti iliyobanwa kwenye faiba pekee inang'oka na kipande cha sitaha. Bamba linausambaza mzigo. Mjukuu alikaa ndani kwenye joto akishika spana, mimi nikawa juu, na mzee akawa kwenye kivuli akituuliza kwa nini tumechelewa.

Nikiri tulichopoteza. Mwera ukipoa, ule upepo dhaifu wa jioni, zamani mzee alikivuta kitoroli kuelekea joshi na mashua ikajongea. Farasi hakubali. Pete inakwenda inakotaka upepo. Mtu wa mbio za mashua angeniona nimeirudisha mashua nyuma miaka mia moja, na angekuwa sahihi. Pia pete ikifika mwisho wa fito inagonga, "tang!", kwa hiyo tumeviringisha mpira wa tairi pande zote mbili.

Jumamosi iliyofuata tulipakia tena pale Lyulilo. Mama mwenye mchele alikuwepo. Alisimama ufukweni na gunia kichwani, akaikagua fito, akaishika, akaitikisa kwa nguvu zake zote mara tatu, ndipo akapanda. Upepo ulikuwa kama wa siku ile. Mzee alipogeuza mashua nilikuwa nimeshikilia ubavu wa mashua kwa mikono miwili, na macho kwenye pete. Ikatetemeka. Ikapanda mgongo wa fito, ikavuka, ikateremka ng'ambo. Tang. Tukaendelea kuelekea Ikombe.

Njiani ilianza kupiga kelele, nailoni juu ya chuma kikavu, sauti kama ya mlango wa ghala. Mzee akafungua chupa ya mawese ya Kyela, akachovya kidole, akampaka farasi toka mwanzo hadi mwisho. Kelele ikakoma. Yule mama akasema, "Ndaga fijo," kisha akaomba chupa ipite kwake, kwa sababu aliyasahau mafuta ya kupikia sokoni.